Siku Kahiga Alipoushika Mlango

Hosteli ya Wasichana,
Milimani,
Nakuru.
21 Septemba 2025

Mpendwa Senge Chepkemboi,

Chamgei, salamu nyingi kutoka Nakuru, senge yangu, dada ya Baba wa pekee. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia bado unapanda ngazi za huko Perth ukishikilia ukuta, na kwamba wale wazee unaowatunza ndio sasa wanakuuliza wewe kama umelala vizuri. Nilicheka, halafu nikakuombea. Mimi mwilini ni mzima. Usingizi ndio umekuwa wa kubahatisha, lakini unarudi polepole.

Nyumbani Rongai hawajambo. Baba anasema mahindi ya mwaka huu yamesimama vizuri kuliko ya jirani, na anahakikisha jirani amesikia. Kogo, na unyanya wake wote, amekataa kabisa kutembea na mkongojo. Anasema mkongojo ni wa wazee. Kaka yangu Micah amepata kazi ya ualimu huko Molo na ameanza kufuga ndevu, mbaya sana.

Sasa najua unangoja nini. Ulipopiga simu ile Jumapili nilianza kukueleza nikashindwa, nikampa Mama simu. Baadaye nasikia Micah aliandika kwenye kikundi cha familia kwamba Jemutai amempasua mtu kichwa huko Elburgon, na kila mtu akaongezea lake. Ni kweli, nilimpasua mtu kichwa. Lakini hiyo ni katikati ya habari, na wewe umezoea kusimuliwa kuanzia mwanzo. Kwenye karatasi angalau naweza kuweka kalamu chini nipumue kabla ya kuendelea.

Unakumbuka Krismasi ulipokuja nyumbani, nilikuambia kando ya zizi kwamba nataka kuacha udaktari. Ulinyamaza siku nzima. Tangu nikiwa shule ya msingi ulikuwa unaniita daktari mbele ya wageni, na mimi sikuwahi kukuambia kwamba jina hilo lilikuwa linanibana kama kiatu cha mtu mwingine.

Wala sikuwa peke yangu. Mwalimu wetu wa upasuaji, Daktari Owino, aliwahi kusimama mbele ya darasa akamuuliza kila mmoja kwa nini yuko pale. Wengi walisema alama zao ndizo zilizowaleta. Jackie alisema alikosa uhandisi. Mimi nilisema, "Senge yangu alitaka." Darasa likaangua kicheko. Owino hakucheka. Alinitazama kidogo, akaenda kwa mwingine.

Kahiga peke yake ndiye aliyejibu kama mtu aliyekuwa amesubiri kuulizwa. Yeye ni kijana wa Kamere, kule kando ya Ziwa Naivasha, na mama yake hufanya kazi kwenye shamba la maua. Dada yake mdogo alizaliwa utumbo ukiwa umefunga, akapasuliwa angali mchanga, akapona. Kahiga alikuwa mtoto, lakini alimwona daktari akitoka ndani akiwa amelowa jasho, na siku hiyo akaamua. Alitaka kuwa daktari wa upasuaji wa watoto, basi. Alikuwa na uzi mfukoni kila wakati. Mhadhara ukiendelea, vidole vyake vilikuwa chini ya meza vikifunga vifundo kwenye mguu wa kiti, kimoja baada ya kingine, bila kutazama.

Daktari Owino alikuwa pia anawaleta madaktari wa kazi mbalimbali watueleze maisha yao: wa akili, wa usingizi, wa picha za eksirei, wa maiti. Alisema tunamaliza chuo bila kujua udaktari una milango mingapi. Mimi nilikaa nyuma na simu yangu. Nilisoma maswali ya mitihani ya miaka iliyopita, nikapita, nikasahau. Kufikia Aprili nilikuwa nimemwambia Sue, tunayeishi naye chumbani, kwamba nikimaliza mazoezi ya kijijini naenda nyumbani na sirudi.

Mazoezi yenyewe yalikuwa Julai. Mimi na Kahiga tulipelekwa kwenye kituo kidogo cha afya nje ya Elburgon, kwenye barabara inayoelekea msituni. Malori ya mbao yanapita hapo kutwa, na viwanda vya kupasulia mbao vinalia kuanzia asubuhi hadi unaacha kuvisikia. Msimamizi wetu aliitwa Wangare, afisa wa kliniki. Wenyeji humwita daktari. Ni mama wa watoto wadogo, mpole, mchapa kazi, na alitupokea vizuri.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko. Asubuhi tulipima watoto uzito na kuwachanja. Kufikia saa sita foleni ilikuwa imekwisha, na mimi nilikuwa nikifikiria chai. Ndipo mtu akaingia mbio, akaanguka kwenye benchi, damu ikimtiririka usoni kama amemwagiwa.

"Daktari, nifiche," akasema.

Aliitwa Muiruri. Alikuwa fundi kwenye kiwanda kimoja cha mbao, kijana wa rika langu tu. Msumeno wa petroli wa mtu fulani ulikuwa umepotea, watu wakasema ni yeye. Walikuwa wameanza kumpiga sokoni kwa mabanzi ya mbao, akawaponyoka. Kama aliuiba au hakuuiba, Senge, mpaka leo sijui, na nimeacha kuuliza.

Wangare alimtazama mlinzi, mlinzi akatazama barabara, kisha akaondoka akivuka shamba la mahindi. Hatukumwona tena siku hiyo. Tulimwingiza Muiruri chumba cha ndani. Wangare akapiga simu polisi. Walisema wanakuja, lakini mvua ya juzi yake ilikuwa imekata barabara ya karibu, ikabidi wazunguke.

Kahiga aliniambia nishone mimi, kwa sababu sikuwa nimeshona kichwa hata mara moja. Nilisafisha kidonda, nikachoma ganzi, nikaanza. Sindano ya kwanza niliipitisha kombo, nikaitoa. Muiruri akaniuliza, "Unaitwa nani?" Nadhani alitaka kunituliza. Nikamwambia Jemutai. "Shona tu, Jemutai," akasema. "Mimi siogopi sindano."

Nilikuwa katikati ya kidonda tuliposikia umati. Sauti ya umati unaokuja kuua haifanani na kelele za mkutano wala za mpira. Iko chini, kama injini ya lori inayopanda mlima. Nilichungulia dirishani. Waliotangulia walikuwa na mabanzi, mawe na mapanga. Kulikuwa na watu wa kila kabila pale, wake kwa waume. Niliona mwanamke ambaye asubuhi nilimpimia mtoto wake uzito, tukacheka pamoja jinsi mtoto alivyojaa mashavu. Mtoto alikuwa bado mgongoni. Mkononi alikuwa na jiwe.

"Daktari! Mtoe huyo mwizi! Hatuna shida na wewe!"

Kahiga aliufunga mlango wa mbele, akasukuma meza nyuma yake. Wangare alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kifuani.

"Tuwape," alisema. "Kahiga, tuwape. Watatuua sote. Mimi nina watoto."

"Madam, ni mgonjwa," Kahiga akasema.

"Najua ni mgonjwa!"

"Basi nisaidie kushika meza."

Simlaumu Wangare hata kidogo, na sitaki mtu yeyote huko kwenye kikundi cha familia amlaumu. Aliishika ile meza. Alikuwa analia, na aliishika.

Mlango ulikuwa wa mbao laini. Walipiga kwa nguzo ya ua. Kitasa kiling'oka, ukafunguka upenyo, na Kahiga akauzuia kwa bega huku mkono wake wa kulia umeshika ukingo ili usifunguke zaidi. Mwanamume mmoja akaingiza kichwa kwenye ule upenyo. Aliitwa Kibii, jina nililijua baadaye. Aliniona. Akaniambia kwa lugha yetu, bila hata kupaza sauti, "Wewe ni msichana wetu. Toka hapo. Hii haikuhusu."

Halafu akalipitisha panga kwenye upenyo, akaupiga ule mkono ulioshika mlango.

Nilisikia kabla ya kuona. Kahiga hakupiga kelele. Alisema tu "aa," kama mtu aliyekumbuka kitu, na mlango ukafunguka wote.

Kibii aliingia wa kwanza akiwa ameinua panga tena, na Kahiga alikuwa chini mbele yake. Stendi ya dripu ilikuwa kando yangu, ya chuma, yenye miguu mizito. Niliishika kwa mikono miwili, nikaigeuza, nikampiga Kibii juu ya sikio kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu. Alianguka kama gunia. Sikuhisi vibaya, Senge. Nakuambia wewe kwa sababu huwezi kuniigizia mshtuko. Nilihisi vizuri. Niliinua ile stendi nimpige tena, na kama Wangare asingenishika kiuno ningempiga.

Wengine walitupita kana kwamba hatupo. Walimtoa Muiruri chumba cha ndani, uzi wangu ukining'inia kichwani mwake, sindano bado iko juu yake. Alijishikilia kwenye kitanda, kitanda kikaburutwa naye mpaka mlangoni. Alikuwa anaita. Hakuita mama, hakuita Mungu, hakuita daktari. Aliita, "Jemutai! Jemutai!"

Walimwangusha nje karibu na tangi la maji. Sitakuandikia yote. Mabanzi yalipanda na kushuka. Mtu mmoja aliweka simu juu anapiga picha. Yule mwanamke mwenye mtoto alirusha jiwe lake, likamkosa, akaenda akaliokota tena.

Polisi walifika, wakapiga risasi hewani. Watu wakatawanyika kwenye mahindi na msituni, na uwanja ukabaki mtupu, umejaa viatu. Wakati wote huo nilikuwa nimepiga magoti kando ya Kahiga. Kifaa cha kupimia presha nilikuwa nimemfunga juu ya kiwiko, nikakijaza upepo mpaka damu ikaacha kuruka. Panga lilikuwa limekata mgongo wa mkono wote, kutoka kidole cha shahada hadi kidole kidogo. Nyuzi nyeupe za ndani zilionekana zimekatika. Yeye aliziona pia. Alizijua zote kwa majina.

Askari mmoja akapiga kelele kutoka nje kwamba mwizi bado anapumua.

"Nenda," Kahiga akaniambia.

Muiruri alikuwa anavuta hewa kama samaki. Upande mmoja wa kifua haukuwa unainuka, na mishipa ya shingo ilikuwa imevimba kama kamba. Nilijua nimewahi kusoma juu ya kitu hiki. Nilijua hata lilikuwa swali la mtihani. Lakini mikono yangu haikujua lolote. Nilipogeuka, Kahiga alikuwa amejikokota mpaka kizingitini, ameegemea mwimo, mkono uliofungwa ameuinua juu ya kichwa.

"Hewa imejaa kifuani," akasema. "Chukua sindano nene, ile ya dripu. Tafuta katikati ya mtulinga. Shuka. Ubavu wa pili, umeupata? Pita juu ya ubavu wa tatu. Usiogope. Sukuma."

Nikasukuma. Hewa ikatoka kwa mlio kama gurudumu lililotobolewa, na Muiruri akavuta pumzi, ya kweli, ndefu. Akafumbua jicho moja. Nilimwambia, "Niko hapa, ni Jemutai." Sijui kama alisikia. Alipumua vizuri kwa muda, nikaamini. Halafu tumbo lake likaanza kuvimba na kuwa gumu, kwa sababu alikuwa anavuja damu ndani, na kwa hilo hatukuwa na kitu pale. Alikufa Wangare akiwa amemshika mkono na mimi nikimbonyeza kifua. Wangare ndiye aliyeniambia niache.

Ndipo tukakumbuka Kibii. Alikuwa pale pale nilipomwangusha, anakoroma vibaya, na mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko nyingine. Nilijua maana yake: damu ilikuwa inajikusanya ndani ya fuvu, na asipofikishwa kwa daktari wa upasuaji Nakuru hangeiona jioni. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa amejificha na sasa alikuwa amerudi. Gari lilikuwa moja. Tuliwaweka wote wawili ndani, Kibii kwenye machela na Kahiga kwenye kiti cha kando, na askari mbele. Wangare alibaki na maiti.

Ulimi wa Kibii ulikuwa unarudi nyuma na kuziba koo. Ili apumue ilibidi mtu asukume taya lake mbele kwa mikono miwili, asiachilie. Mtu huyo nilikuwa mimi. Barabara ya Njoro unaijua. Kila tuliporuka shimo, mikono iliteleza kwa damu, na kila ilipoteleza yule mtu alikabwa. Alitapika, nikamgeuza, nikamsafisha kwa kidole, nikalishika taya tena.

Mahali fulani kabla ya kufika Njoro niliilegeza mikono. Wala haikuteleza. Niliilegeza. Mkoromo ukakatika. Ndani ya gari kukawa kimya, na mimi nikawa nasikiliza ule ukimya.

"Jemutai," Kahiga akasema. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. "Usimwachilie."

"Amekukata mkono."

"Nimeuona. Usimwachilie."

Nikasukuma taya. Mtu akavuta pumzi.

Hospitalini Nakuru walimchukua Kibii, wakamtoboa fuvu, wakatoa damu. Yuko hai. Anatembea na anaongea, ila upande mmoja wa mdomo unalegea. Yuko rumande pamoja na wengine watano wanaoshtakiwa kwa kifo cha Muiruri, na mimi nitakuwa shahidi. Polisi waliandika maelezo yangu kuhusu ile stendi, wakaniambia nilikuwa nikijikinga na kumkinga mwenzangu. Mama yake Kibii alinifuata kwenye korido siku ya pili. Nilidhani atanipiga, na kweli alinipiga, kofi zito. Kisha akakaa kwenye sakafu, akaniuliza kwa lugha yetu kama mwanawe anaweza kupewa uji. Nikaenda kuuliza. Nikamletea jibu.

Kahiga alishonwa muda mrefu, na waliomshona walifanya kila linalowezekana. Kidole gumba kinafanya kazi. Cha shahada kinainuka nusu. Vingine vitatu vimejikunja na havifunguki, na mazoezi anayofanyishwa yanamliza. Ataandika, atashika kijiko. Kushona utumbo wa mtoto mchanga ni jambo lingine. Daktari Owino ndiye aliyemwambia. Alikaa ukingoni mwa kitanda na hakumdanganya.

Nilipoenda kumwona baada ya hapo, alinirushia sahani ya chakula.

"Ulimshika yeye njia nzima!" alipiga kelele. "Mikono yako yote miwili!"

"Wewe ndiye uliyeniambia."

"Najua! Ndiyo maana siwezi hata kukuchukia!"

Niliokota wali kwenye sakafu, nikaondoka. Kesho yake nikarudi. Alikuwa ananuna, lakini alisogeza miguu nipate pa kukaa.

Muiruri alizikwa kwao Subukia, kwenye shamba la kahawa la wazazi wake. Wangare na mimi tulienda. Watu walikuwa wachache, kwa sababu wengi huogopa kuonekana wakimlilia aliyeitwa mwizi. Mama yake alinishika mkono akaniuliza kama mwanawe alisema neno. Nilimwambia kwamba aliniuliza jina, na kwamba aliniita. Sikusema aliniita vipi. Akatikisa kichwa, akaushikilia mkono wangu mpaka wakamaliza kufukia.

Sasa nakuja kwenye lile uliloniuliza Jumapili ile kwenye simu, kama nitaacha shule. Kila mtu hapa anadhani nimepata wito. Kasisi wa chuo alinipongeza. Senge, si wito. Ni hasira. Nilirudi darasani kwa sababu nilikuwa nimekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika maishani. Niliwakasirikia waliomuua Muiruri, na niliukasirikia ule mwili wake uliovuja damu ndani na mimi nikiwa nimepiga magoti juu yake bila la kufanya. Nilifungua sura ya majeraha ya tumbo nikaisoma kama mtu anayetafuta jina la aliyemwibia. Nikaisoma tena. Nilimfuata Owino chumba cha upasuaji, nikasimama nyuma ya watu mpaka akasema, "Wewe, njoo mbele, unaona nini huko?" Mtihani wa Agosti nilipita kwa alama ambazo hata Jackie aliomba kuziona. Nilipofika chuoni niliujua mlango mmoja tu wa udaktari, ule wa koti jeupe na senge mwenye furaha. Sasa nimejua kuna watu ambao kazi yao ni kupokea waliokatwa, waliopigwa na waliogongwa, saa ile ile ya kwanza, na kwamba kazi hiyo inasomewa miaka yake na ina walimu wake. Hiyo ndiyo nitakayoomba. Hasira ikiisha nitaona kama kuna kitu kingine chini yake.

Wiki iliyopita Daktari Owino alifanya tena siku yake ya kuzungumzia kazi. Safari hii wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliitwa pia, ukumbi ukajaa. Kahiga alikuja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuonekana mbele za watu, mkono ukiwa ndani ya mfuko wa jaketi. Kila daktari alipomaliza kuzungumza na kuomba maswali, Kahiga alisimama akauliza swali lile lile.

"Kazi yako inahitaji vidole vingapi?"

Wa kwanza kuulizwa alikuwa daktari wa usingizi. Alidhani ni mzaha, kisha akaona jinsi ule mkono ulivyofichwa, akajibu kwa makini kwamba inahitaji karibu vyote. Kahiga akashukuru, akakaa. Daktari wa eksirei alifikiri kidogo, akasema viwili vinatosha kama macho ni mazuri. Yule wa magonjwa ya akili, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, akasema, "Hata kimoja si lazima, mwanangu. Lakini itabidi ukae na hasira za watu, na kwanza ukae na yako." Kahiga akashukuru, akakaa. Hakusema kama amechagua. Baadaye alienda kumtafuta yule mama, wakazungumza nje, na sikuwafuata.

Owino alituomba mimi na yeye tuseme neno kwa wale wa mwaka wa kwanza. Sikuwa nimejiandaa. Nilisimulia kama nilivyokusimulia wewe, ila kwa ufupi. Hata gari nililisimulia, na ile mikono niliyoilegeza. Watoto wale walikuwa wamekodoa macho. Msichana mmoja wa mbele kabisa, Nekoye, akainua mkono.

"Kahiga, samahani kukuuliza," akasema. "Ungejua utapoteza vidole, na yule mtu atakufa tu, bado ungeushika ule mlango?"

Nilitamani kumwambia asijibu. Kahiga aliutoa ule mkono mfukoni, akautazama kama kitu cha mtu mwingine, vidole vitatu vimejikunja.

"Ningeushika kwa mkono wa kushoto," akasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Jackie alikuwa analia. Nekoye aliandika kitu, akakifuta, akabaki ameshika kalamu.

Kesho Jumatatu narudi Elburgon kumaliza mazoezi niliyoyakatiza. Mimi ndiye niliyeomba. Wangare amerudi kazini tangu mwezi jana, na ameniambia kwa simu kwamba watu bado wanakuja, wanakaa kwenye benchi lile lile, hawatazamani machoni. Yule mwanamke mwenye mtoto amewahi kuja kwa chanjo. Wangare alimchanja mtoto, akamwambia tarehe ya kurudi. Itaangukia nikiwa pale. Naogopa, Senge. Ila mtoto hana kosa, na nitampima uzito.

Wasalimie marafiki zako wa kanisani huko, na yule mama Mwethiopia anayekuletea kahawa. Kogo anakutumia mate yake ya baraka na anauliza kama huko kuna mursik, maziwa ya kibuyuni, au mnakunywa maji matupu. Baba, Mama na Micah wanakusalimu, na Sue pia, ambaye unamjua kwa sauti tu. Kahiga anakusalimu. Nilimwambia wewe ndiye uliyenileta hapa, akasema nikuambie ahsante, halafu akasema bora nisikuambie. Nimekuambia.

Mungu akulinde uendako na urudipo, alitulize goti lako, na akuletee usingizi mzuri. Ukimwomba kitu kwa ajili yangu, mwombe anishikilie mikono isilegee.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye popote ulipo,

Jemutai